Nani Anajua Solo Nzuri? Msikilizaji, Mtaalamu na Muziki wa Papo kwa Papo

Januari 1962 jarida la Kimarekani la Down Beat lilichapisha hakiki mbili za santuri moja. Santuri yenyewe ilikuwa Free Jazz ya mpiga saksafoni Ornette Coleman, iliyorekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960: wanamuziki wanane, makundi mawili ya watu wanne wanne, wakipiga kwa pamoja karibu dakika 37 bila kusimama, na sehemu kubwa ya walichopiga wakikibuni hapo hapo. Mhakiki Pete Welding aliipa nyota tano, alama ya juu kabisa. John Tynan hakuipa hata moja. Wote wawili walikuwa wakiandikia jarida lile lile, na wote wawili jazi walikuwa wakiijua.

Ubishi wa kiasi hicho ni nadra katika muziki ulioandikwa. Mpiga piano akipiga sonata ya Mozart, karatasi ipo, na anayeijua anaweza kuonyesha noti iliyorukwa. Anayebuni hana karatasi ya kumshtaki wala ya kumtetea. Ndiyo maana wapo wanaosema swali la ubora hapa halina jibu, kila mtu na sikio lake. Wapo pia wanaosema jibu wanalo wataalamu peke yao, sisi wengine kazi yetu ni kupiga makofi tukishaambiwa. Makala haya yanazikataa kauli zote mbili. Kipimo kipo, ila hakimo katika noti peke yake. Kimo katika mipaka ambayo mpigaji amekubali kufanya kazi ndani yake, na katika uamuzi alioufanya humo. Msikilizaji wa kawaida na mtaalamu kila mmoja anasikia upande wake wa jambo hilo, na kila mmoja ana njia yake ya kupotoka.

Mipaka kwanza

Kubuni hakuanzii kwenye utupu. Mwaka 1974 mtafiti Thomas Owens alikamilisha tasnifu juu ya Charlie Parker, mpiga saksafoni anayehesabiwa miongoni mwa wabunifu wakubwa wa jazi. Alinakili solo zake nyingi, akazichambua, akakuta zimejengwa kwa vifungu takriban 100 ambavyo Parker alivirudia mara kwa mara, akivirefusha, akivifupisha na kuviunga upya. Hilo halimshushi hadhi hata kidogo. Malenga anayejibizana na mwenzake jukwaani naye amekuja na vina na mizani kichwani; anachosifiwa ni jinsi anavyovipanga kwa wakati, kulijibu neno lililosemwa sasa hivi. Kwa hiyo anayeuliza tu kama solo ni mpya ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: kwa mipaka aliyokuwa nayo, mpigaji amefanya nini ambacho hakikuwa lazima?

Mfano wa karibu zaidi na masikio yetu ni taksimu. Katika taarabu ya Unguja, kabla ya wimbo au katikati yake, mpigaji mmoja wa kanuni, udi, fidla au nai hubaki peke yake, ngoma zikinyamaza, akaitambulisha maqam ya wimbo, yaani mfumo wake wa noti, kwa kubuni. Tuseme maqam ni rasti, na chombo ni kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70 iliyolazwa mapajani. Mpigaji anaanzia chini, kwenye noti ya nyumbani, na kuizunguka bila haraka. Noti ya tatu ya rasti haiko mahali ambapo piano ingeiweka. Iko katikati ya noti mbili za piano, na mpigaji wa kanuni huipata kwa kuinua na kushusha vibati vidogo vya chuma kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea kudonoa. Kibati kimoja kikisahaulika, mwenye sikio anajua papo hapo. Kisha anapanda hadi noti ya tano, na hapo amefika njia panda. Anaweza kuendelea na rasti huko juu, au akaingia maqam nyingine, hijazi, na kubadili hali yote ya ukumbi. Akiingia hijazi, lazima awe na njia ya kurudi, ashuke hadi noti ya nyumbani kwa kifungu cha kufungia kinachoitwa kafla, na kila aliyemfuata ahisi kwamba amefika.

Katika dakika mbili hizo mjuzi amesikia mambo yanayoweza kutajwa na kujadiliwa: usafi wa noti, subira ya kukaa chini kabla ya kupanda, njia iliyochaguliwa, na ustadi wa kurudi. Hayo si siri ya wachache wala si ladha tupu. Lakini ni vipimo vya taksimu. Ukivipeleka kwa Coleman vinakosa kazi, kwa sababu yeye aliacha kwa makusudi mfuatano wa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ambao wapigaji wa jazi waliomtangulia waliutumia kama ramani. Alipoanza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, Novemba 1959, kondakta Leonard Bernstein alimsifu na mpiga tarumbeta Miles Davis akambeza. Ubishi ule kwa kiasi kikubwa ulikuwa wa mipaka: wengine walimpima kwa ile aliyoiacha, wengine kwa ile aliyoichagua. Mwaka 2007 Coleman alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Waliomwelewa kwa masharti yake walikuwa wameongezeka.

Hata ndani ya taarabu yenyewe mipaka inatofautiana. Simulizi za Zanzibar zinasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza muziki, na klabu ya Ikhwani Safaa iliyoundwa 1905 ililelewa na mkondo huo wa Misri. Lakini kodiani, ambayo imekuwa sauti ya kawaida ya taarabu ya Unguja, haina zile noti za katikati. Anayebuni juu ya rasti kwa kodiani anapiga rasti ya pwani, si ya Cairo. Jaji atakayetoka Misri na sikio la kwao ataona kasoro mahali ambapo mpigaji amefanya kazi safi ndani ya uwezo wa chombo chake.

Kile msikilizaji anachosikia

Katika muziki wa Kiarabu msikilizaji hodari ana heshima yake rasmi. Mtafiti na mwanamuziki A. J. Racy, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu tarabu, yaani msisimko wa muziki, katika nchi za Mashariki ya Kati, ameeleza jinsi mwimbaji na wapigaji wanavyoyategemea masikio yaliyo mbele yao: ukumbi ukiitikia mahali panapostahili, mpigaji huingia katika hali ya kuzama na kubuni vizuri zaidi, ukiitikia ovyo, hupoa. Mwimbaji wa Misri Umm Kulthum alijenga matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi juu ya uhusiano huo. Ubeti mmoja aliweza kuurudia tena na tena, kila mara kwa mapambo tofauti, kwa sababu ukumbi umeomba. Kwa maana hiyo msikilizaji wa muziki wa papo kwa papo hakai kusubiri mwisho ili atoe hukumu. Ni mshiriki. Na hapo ndipo ugumu unapoanza, maana anapima kitu ambacho amesaidia kukitengeneza.

Usiku wa 7 Julai 1956, katika tamasha la jazi la Newport huko Rhode Island, bendi ya Duke Ellington ilipiga kipande kilichotungwa 1937, Diminuendo and Crescendo in Blue. Katikati yake mpiga saksafoni Paul Gonsalves alisimama kupiga solo na hakukaa hadi alipomaliza mizunguko 27 ya bluzi. Mwanamke mmoja aliinuka kucheza, watu wakamfuata, uwanja ukachemka hata waandaaji wakaogopa vurugu. Mwezi uliofuata Ellington alikuwa kwenye jalada la jarida la Time, na santuri ya usiku ule ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika maisha yake. Ukiitazama solo hiyo kwa jicho la anayesaka werevu wa kodi, utaona marudio mengi. Lakini jicho hilo limekosa alichokuwa akikifanya Gonsalves. Mipaka yake ilikuwa bluzi, besi na ngoma zinazosukuma, na umati uliokuwa umechoka kuelekea usiku wa manane. Uamuzi wake ulikuwa kutoukata mzuka, kuongeza kidogo kidogo kila mzunguko na kuacha mdundo ufanye kazi. Kwa hilo umati uliamua sawasawa.

Tatizo la umati ni kwamba mara nyingi hautenganishi kinachotoka kwa mpigaji na kinachotoka kwingine. Tazama utunzaji katika taarabu. Mtu anapoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, kwa kawaida ameguswa na maneno: ubeti umemsemea jambo lake, au umemsemea jirani aliyekaa meza ya pili. Taksimu iliyotangulia inaweza kuwa ndiyo kazi bora kabisa ya usiku huo na isipate hata shilingi. Kwenye dansi mambo hugeuka. Sebene ikianza, gitaa la solo ndilo linalohukumiwa, na hukumu hutolewa na miguu. Ni hukumu ya kweli, kwa sababu sebene imekusudiwa kuchezwa, lakini haiwezi kukuambia kama solo ya usiku huu ni ile ile ya wiki iliyopita.

Msikilizaji wa kawaida, basi, ni shahidi mzuri wa matokeo. Anajua kama mdundo umekaa, kama mpigaji yuko nasi au yuko peke yake, kama kuna jambo linalosemwa. Kwa nini limetokea, hapo ushahidi wake unafifia.

Kile mtaalamu anachosikia

Mtaalamu anasikia uamuzi. Anajua njia panda ilikuwa wapi, njia zilikuwa ngapi, na ipi ni ya mkato. Mwaka 1958 mtunzi na mhakiki Gunther Schuller aliandika uchambuzi maarufu wa solo ya mpiga saksafoni Sonny Rollins katika kipande cha Blue 7, akionyesha jinsi wazo dogo la mwanzo lilivyokuzwa na kurudiwa kwa sura mpya hadi mwisho, mfano wa utunzi uliopangwa. Makala yale yaliwafunza wengi kusikiliza solo kama hoja yenye mwanzo, katikati na mwisho. Rollins mwenyewe hakufurahi: kusoma kile alichodaiwa kukifanya kulimfanya ajitazame sana alipokuwa akipiga. Hapo pana funzo la pande mbili. Mtaalamu anaweza kusikia mpangilio ulio wa kweli hata kama mpigaji hakuukusudia kwa fikra za wazi. Anaweza pia kuugeuza mpangilio huo kuwa sheria, halafu akaidai kwa kila mpigaji, hata asiyejenga solo kwa namna hiyo.

Elimu nayo haimkingi mtu na mazoea yake. Mwaka 1932 Cairo iliwakutanisha wataalamu wakubwa wa muziki wa Kiarabu pamoja na wageni kutoka Ulaya, akiwemo mtunzi Béla Bartók. Walibishana juu ya vipimo vya noti za maqam, zile zile ambazo wapigaji wazuri walikuwa wakizipata kwa vidole kila usiku bila kubishana.

Chuki na upendeleo pia huingia. Mhakiki wa jazi Leonard Feather alianzisha jaribio la kuwasikilizisha wanamuziki santuri bila kuwaambia ni ya nani. Mwaka 1951 mpiga tarumbeta Roy Eldridge, fundi aliyeheshimiwa na kila mtu, alisema anaweza kutofautisha kwa sikio mpigaji mweusi na mzungu. Feather akamwekea santuri. Eldridge alikosea mara nyingi kuliko alivyopata, akakubali yaishe. Alichodhani anakisikia kwenye muziki, kumbe alikuwa akikijua kwa kuliona jina.

Macho yana nguvu kuliko tunavyokiri. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha matokeo ya majaribio juu ya mashindano ya muziki wa kiklasiki. Watu walioonyeshwa video bila sauti waliwatambua washindi halisi vizuri kuliko waliosikia sauti peke yake, na wanamuziki wenyewe hawakuwa tofauti na wasio wanamuziki. Huo haukuwa muziki wa kubuni. Lakini kama jaji anayumbishwa na mwili wa mpigaji hata pale noti zinapojulikana na wote, asiyekuwa na karatasi ya kulinganisha atakuwa katika hatari kubwa zaidi.

Utafiti unasema nini

Njia iliyoenea zaidi ya kupima ubunifu ilielezwa na mwanasaikolojia Teresa Amabile mwaka 1982. Aliwaita watu wanaoijua fani, akawataka wapime kazi kila mmoja kivyake, bila kupewa maana ya ubunifu na bila kushauriana, wakizilinganisha kazi zilizo mbele yao zenyewe kwa zenyewe. Majaji wakikaribiana, makubaliano yao yanachukuliwa kuwa kipimo. Njia hii imetumika pia katika muziki, na mara nyingi majaji hukaribiana kuliko ambavyo mtu angetegemea baada ya kusoma hakiki za Welding na Tynan. Sababu si ngumu: hukaribiana pale mipaka inapojulikana na wote. Ila makubaliano ya waliosoma shule moja yanaweza kuwa makubaliano ya shule hiyo tu.

Je, mtaalamu anaweza angalau kujua kama kilichopigwa kimebuniwa kweli? Annerose Engel na Peter Keller walilijaribu hilo mwaka 2011. Waliwasikilizisha wanamuziki wa jazi vipande vya piano, vingine vikiwa vimebuniwa na vingine vikiwa nakala za vile vilivyobuniwa, zilizofanyiwa mazoezi na kupigwa upya. Walipatia kwa asilimia 55 hivi, juu kidogo ya kubahatisha. Kilichowasaidia ni mambo madogo ya mkono: vilivyobuniwa vilikuwa na mabadiliko zaidi ya nguvu na ya wakati wa kugonga vibonye. Kwa hiyo anayejigamba kwamba anaijua solo ya kukariri kwa kuisikia mara moja apunguze majigambo. Na sifa ya kubuniwa papo kwa papo haiwezi yenyewe kuwa alama ya ubora, kama wajuzi hawaitambui kwa uhakika.

Pengine mpigaji ndiye ajuaye? Michael Schober na Neta Spiro walichapisha uchunguzi wao mwaka 2014. Wanamuziki wawili wazoefu wa jazi, ambao hawakuwahi kupiga pamoja, walibuni mara tatu juu ya wimbo mmoja wa kawaida wa jazi, kizuizi kikiwazuia kuonana. Kisha kila mmoja akahojiwa peke yake. Baada ya miezi miwili walipewa kauli bila majina, zao, za mwenzao na za msikilizaji mtaalamu, waseme wanakubaliana na zipi. Kila mmoja alikubali zaidi kauli zake mwenyewe. Lakini baada ya hapo walikubaliana na msikilizaji wa nje kuliko na mwenzao waliyepiga naye, na hawakukubaliana hata juu ya ubora wa mojawapo ya vipande vile. Ni watu wawili tu, hatuwezi kujenga sheria juu yao. Linalobaki ni kwamba kuwa ndani ya muziki hakumpi mtu neno la mwisho juu yake.

Santuri inavyobadili hukumu

Muziki wa papo kwa papo umekusudiwa kusikika mara moja. Tangu uanze kurekodiwa, tunausikia mara mia. Kosa ambalo ukumbini lilipita kama upepo linageuka kuwa mwiba, na kifungu kilichowapita wote kinakuja kugunduliwa miaka ishirini baadaye. Santuri pia inaweza kudanganya. Ile ya Ellington ya Newport iliyouzwa 1956 ilikuwa na sehemu zilizorudiwa studio siku chache baadaye na kubandikwa makofi. Solo ya Gonsalves ilikuwa ya kweli, lakini ilisikika kwa mbali, kwa kuwa alipigia maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya santuri. Sauti hizo mbili ziliunganishwa katika toleo la 1999. Kwa miaka zaidi ya arobaini, waliokuwa wakiipima solo ile nyumbani walikuwa wakiipima kutoka maikrofoni isiyo yake.

Hukumu yenye haki

Kutokana na hayo yote, ubishi wa msikilizaji na mtaalamu si wa aliyesoma na asiyesoma. Mmoja anapima athari, mwingine anapima uamuzi, na solo nzuri ina vyote viwili. Athari bila uamuzi inaweza kuwa kelele za spika na sifa za jina kubwa. Uamuzi bila athari ni mtihani uliofaulu.

Wapo miongoni mwetu wanaotoa hukumu hizi kila wiki: majaji wa mashindano ya vipaji, watangazaji wa vipindi vya muziki, wakufunzi katika vyuo kama Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi cha Mji Mkongwe, ambacho tangu 2002 kinafundisha kanuni, udi na fidla. Kwao utafiti na historia vinaelekeza mambo ya kufanyika bila gharama. Jaji aambiwe mpigaji anafanya kazi ndani ya mipaka gani, na kama haijui, asitoe alama. Majaji waandike hukumu zao kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza. Angalau mara moja wasikilize bila kuona na bila kujua jina. Mwitikio wa ukumbi uandikwe kama ushahidi, katika safu yake, usichanganywe na alama ya ufundi. Na anayekosoa ataje mahali: noti ipi, njia panda ipi, kurudi kupi. Mhakiki anayeishia kusema solo ni kali au solo ni mbovu hajasema chochote ambacho mpigaji anaweza kukifanyia kazi.

Nawe msomaji ambaye si jaji wa chochote, usikubali kuambiwa kwamba sikio lako halihesabiki. Lihesabu, kisha lifunze. Chagua aina moja ya muziki, jua mipaka yake, sikiliza wapigaji watatu au wanne wakipita njia ile ile. Ukiweza kusema huyu alifanya nini ambacho wenzake hawakukifanya, na kwa nini kilikugusa, umeshakuwa mhakiki, uwe na cheti au usiwe nacho.